Mwaka Nilipomdanganya Madamu

Kijitabu walichogawa ukumbini siku ya kumbukumbu ya Madamu Ilona kilikuwa na picha yake kwenye jalada, filimbi iko mdomoni na macho ameyafumba. Ndani, ukurasa wa nne, waliweka habari za mdogo wangu Shaibu. Nilisoma polepole: "Madamu alimkuta akiwa yatima asiye na mtu, akilazimishwa na ndugu zake kubangua korosho mpaka vidole vikaungua. Alimtoa katika mateso hayo, akamlea nyumbani kwake." Nikairudia sentensi hiyo mara tatu. Shaibu alikuwa na ndugu wawili tu duniani. Mmoja ni Hawa, ambaye mwaka unaosemwa alikuwa mtoto wa miaka sita na bado anakojoa kitandani. Wa pili ni mimi. Kwa hiyo waliposema ndugu zake walikuwa wakinisema mimi, na walikuwa wamenialika, wakanipa kiti safu ya tatu na soda ya baridi, ili nije nisome mwenyewe.

Halafu Shaibu akapanda jukwaani. Ametoka Ulaya kwa ajili ya kumbukumbu ile, mtu mzima mwenye suti inayomkaa vizuri, anapiga filimbi kwenye okestra ya watu sabini. Alieleza jinsi Madamu alivyoacha kiti chake katika okestra ya Hungaria na kumfuata mume wake, bwana shamba wa korosho wa Mbwemkuru aliyekwenda kusomea kilimo kwao, na jinsi alivyobaki Nachingwea hata baada ya mume kufa, akifundisha watoto wetu bila kudai kitu. Yote hayo ni kweli. Kisha akasema, "Mimi alinikuta sina mtu." Bi Esha, ambaye tulipanga chumba kwake wakati ule na ambaye sasa hasikii vizuri, akaniinamia na kuuliza kwa sauti iliyofanya safu mbili za mbele zigeuke: "Somoe, huyu mtoto anasema hana mtu? Wewe ulikuwa mbuzi?" Nikamwambia, "Nyamaza Bi Esha, tumsikilize." Nilisikiliza mpaka mwisho, na watu walipopiga makofi mikono yangu ilibaki mapajani.

Habari za wazazi wetu sitazieleza. Walikufa, mmoja akamfuata mwingine, na mwaka huo ulianza sisi watatu tukiwa kwenye chumba cha nyuma cha Bi Esha. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililofunguka upande wa jiko la nje, kwa hiyo moshi uliingia na kuwa mpangaji wa nne. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Tuliishi kwa kubangua korosho za mama mmoja wa sokoni, na asiyejua kazi hiyo ajue ilikuwaje: unaziweka korosho kwenye kikaango cha bati kilichotobolewa matundu, chini moto mkali, zinatoa mafuta meusi mpaka kikaango chenyewe kinashika moto, unazimwaga kwenye majivu, zikipoa unazipiga moja moja kwa kigongo juu ya jiwe. Mafuta ya ganda hayana huruma. Yakikugusa leo, hutajua. Kesho ngozi inavimba, keshokutwa inachunika kama ya kiazi kilichochemshwa. Tulipaka majivu mikononi kama kinga, na bado viganja vyangu vilikuwa vyeusi na vimepasuka, mpaka Hawa hakutaka nimwogeshe kwa sababu, alisema, nina mikono ya mti. Shaibu alikuwa na umri wa miaka kumi na moja na alibangua kwa kasi kuliko mimi. Sikumlazimisha. Tulikaa chini sote wawili kwa sababu tulikula sote watatu.

Alikuwa na tabia ya kukata bua la jani la mpapai, kulitoboa matundu kwa msumari wa moto na kulipuliza. Watoto wote wa mtaa walifanya hivyo na walitoa kelele. Yeye alitoa wimbo. Siku moja Madamu alikuwa anapita kutoka sokoni na kikapu chake cha ukili. Akasimama uani kwetu bila hodi. Kiswahili chake alifundishwa na mama mkwe wake wa Mbwemkuru, kwa hiyo mzungu yule mrefu, mwenye madoa usoni, alizungumza kama bibi kizee wa shamba, na watu wengi walimpenda kwa hilo tu. "Mjukuu wangu," akamwambia Shaibu, "hebu lete hiyo mikono." Akaishika, akaigeuza, akainusa. Kisha akanitazama mimi, si usoni, mikononi. "Huyu asishike tena korosho. Hata ganda. Mimi nitamfundisha, lakini siku nikiona vidole vyake vimeungua, basi, namrudisha. Na asije na njaa. Filimbi inapulizwa kwa tumbo, na tumbo tupu linatetemeka." Nikamuuliza, "Madamu, na kazi yake nani ataifanya?" Akajibu kama mtu aliyeulizwa saa ngapi: "Si wewe upo?"

Nilikuwepo. Kuanzia hapo nilibangua sehemu yangu na sehemu yake. Tulikuwa tunakula mara moja, alasiri: ugali wa muhogo na kisamvu, au ming'oko, vile viazi vya porini, Bi Esha akituletea, au mbaazi zisizo na nazi. Siku za somo, ambazo zilikuwa nne kwa juma, Shaibu alipaswa kula mchana kabla ya kwenda, na chakula cha mchana hakikuwepo, kwa hiyo nilimpa changu cha alasiri kilichopikwa mapema na alasiri niliosha sufuria. Aliniuliza mara moja tu, "Dada, wewe umekula?" Nikamwambia nimekula wakati napika. Hakuuliza tena. Mtoto mwenye miaka kumi na moja anaweza kuamini kwamba mtu hushiba kwa kuonja, na simlaumu kwa hilo. Nakasirika kwamba mtu mzima mwenye suti bado anaamini.

Nyumba ya Madamu ilikuwa moja ya zile zilizojengwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, dari juu sana, sakafu nyekundu inayopakwa nta, vyumba ambavyo ukikohoa kimoja mtu anakusikia cha tatu. Nilikuwa nampeleka Shaibu na kumngoja barazani, na kwa sababu ya dari ile nilisikia kila kitu. Alimlaza sakafuni na kumwekea pakiti ya chumvi juu ya tumbo: "Inyanyue kwa pumzi. Si kifua. Kifua ni cha kujivunia, tumbo ni la kazi." Alimpa kipande cha gazeti akishikilie ukutani kwa kupuliza tu, bila mkono. Aliwatengenezea watoto filimbi za mwanzi kutoka bonde la Mbwemkuru na za bomba la maji, lakini baada ya miezi mitatu Madamu alimruhusu Shaibu kushika filimbi yake mwenyewe, ya fedha, aliyokuja nayo kwenye ndege ameizungushia sweta. Walipumzika kwa supu ya kabichi na mkate, nami nilisikia vijiko. Hapo ndipo alipozungumzia okestra. Alisema kabla ya sauti ya kwanza watu sabini huvuta pumzi pamoja, na kwamba mtu aliyewahi kukaa katikati ya pumzi hiyo hatazoea tena chumba chenye mtu mmoja. Alisema barua aliyoandikiwa na wenzake baada ya kuondoka ilikuwa fupi: kiti chake kimepewa mwingine. Shaibu akauliza, "Uliumia, Madamu?" Akasema, "Kula supu."

Nikirudi nyumbani nilijaribu lile gazeti ukutani. Niliweza. Nililishikilia mpaka Hawa akachoka kuhesabu. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa kumi Madamu alitangaza kwamba mgeni kutoka shule ya muziki ya Dar es Salaam atapita Ruangwa kusikiliza watoto, na atachukua mmoja. Ndiyo ilikuwa nafasi, hakukuwa na nyingine. Nilijua maana yake: mdogo wangu angekula mara tatu kwa siku, angesoma, angekuwa mtu. Nilimfulia shati lake jeupe juma zima kabla ya wakati na kulificha Hawa asilichezee. Na juma hilo hilo homa ikaniangusha. Nililala kwenye mkeka, nimejifunika kitenge, meno yanagongana, na korosho za yule mama ziko kwenye gunia kando ya mlango, kazi ya siku mbili, na nilikuwa nimeshaambiwa nikichelewesha tena atampa mtu mwingine. Nilisikia kigongo kinagonga nje. Nilidhani ni kichwa changu. Nilipoweza kuinuka kwenye kiwiko nilimwona Shaibu kupitia mlango, amechuchumaa mbele ya jiwe, anabangua. Nikamwambia, "Acha." Akasema, "Dada, lala. Nimepaka majivu." Nikalala. Hilo ndilo kosa langu na nalikubali: nililala.

Kesho yake alikwenda kwenye somo. Alikuwa ameosha mikono kwa sabuni, lakini mafuta yale hujificha pembeni mwa kucha na kwenye mikunjo. Akaishika filimbi ya fedha, akapiga, Madamu akaichukua kumwonyesha, akapiga, akamrudishia. Asubuhi iliyofuata midomo ya wote wawili ilikuwa imevimba, na ya Madamu ilikuwa imeota malengelenge kama mtu aliyebusu pasi. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikuwa mjane wa mtaalamu wa korosho.

Alikuja uani akipiga hatua ndefu. Bi Esha alikuwa anafagia, akaacha. Shaibu alimwona kwa mbali akakimbilia ndani, akasimama nyuma ya mlango wa chumba, mgongo ukutani, hatua mbili kutoka nilipolala. Madamu akasimama kizingitini. "Nani amempa korosho?" Midomo haikumruhusu kutamka vizuri, lakini nilimwelewa. Niliona kitu kimoja tu: akijua kwamba mtoto amevunja sharti kwa hiari yake, anamrudisha, kama alivyosema siku ya kwanza, na siku za mgeni kufika zilikuwa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nikasema, "Mimi. Alikataa. Nikamlazimisha." Nilimtazama Shaibu nyuma ya mlango. Alinitazama. Alikuwa amefungua mdomo, na nilingoja, nakiri kwamba nilingoja, na akaufunga.

"Basi wewe ndiye unayemharibu," akasema Madamu. "Mtoto huyu hatalala hapa leo." Nikamjibu, "Mchukue." Akasema, "Na usije barazani kwangu. Sitaki mikono hiyo karibu na nyumba yangu." Hawa akaanza kulia bila kujua kwa nini. Shaibu alitoka na nguo zake kwenye mfuko wa rambo, akapita mbele yangu akinyanyua miguu juu kama mtu anayeruka maji. Bi Esha, ambaye alikuwa amesikia kigongo siku nzima na kujua nani alikuwa anapiga, alisema, "Madamu, subiri kwanza." Nikamwambia Bi Esha, "Mwache aende." Na kwa miaka yote Bi Esha akanyamaza kwa sababu mimi nilimnyamazisha.

Mgeni alikuja Ruangwa Jumamosi. Sikualikwa. Nilidandia lori la ufuta, homa ikiwa bado mifupani, nikasimama nje ya darasa walilotumia pamoja na wanawake wengine waliokuja kuchungulia. Mmoja akasema, "Huyu wa mdomo uliopasuka atapiga nini?" Mwingine akasema, "Mtoto wa yule mzungu huyo, mwache." Mtoto wa yule mzungu. Shaibu akapiga na mdomo ule ule wenye jeraha, damu ikatoka kidogo, akaifuta kwa mkono wa shati nililolifua, akaendelea. Sijui muziki, lakini nilijua atachukuliwa, kwa sababu wanawake wale waliacha kusema. Walipotoka Madamu alinipita kama anavyopita nguzo. Shaibu alipunga mkono kidogo, chini, usawa wa paja, ili asionekane. Januari akaenda Dar es Salaam. Barua zake zilifika kwa Madamu, na Hawa ndiye aliyekuwa anatumwa kuuliza kama ndani yake mna salamu.

Nimeendelea kubangua korosho. Hawa nimemsomesha, ni nesi Mtwara. Sijutii uongo wenyewe, ningeusema tena. Lakini nilidhani ni mimi, Shaibu na Bi Esha tu tuliojua kwamba ni uongo, na nilidhani Madamu alinichukia kwa haki yake, akiwa amedanganywa. Mwaka jana alipopooza upande mmoja nilianza kumpelekea uji, miguu yangu ikikanyaga baraza lile kwa mara ya kwanza tangu anikataze. Wanafunzi wake wenye magari walikuwa mbali, wakituma salamu kwenye simu. Mimi nilikuwa jirani. Nilimlisha kwa kijiko, na alasiri moja akageuza uso kutoka kwenye kijiko akasema, "Siku ile ulikuwa na homa."

"Siku ipi, Madamu?"

"Siku ya midomo. Nilikuona kwenye mkeka. Mtu wa homa ile hamlazimishi mtoto hata kufunga mlango. Nilijua unasema uongo."

Nikauliza kwa nini basi. Alijibu kwa ulimi mzito. "Nilimtaka. Nilitaka mmoja akae kwenye kiti changu kule. Wewe ulinipa sababu, nikaichukua." Kisha akafungua mdomo apewe uji. Niliendelea kumlisha, kijiko baada ya kijiko, na nataka ijulikane kwamba nilitamani kummwagia. Hakuomba radhi, na wiki chache baadaye tukamzika Mbwemkuru kando ya mume wake. Yeye aliyasema kwangu walau, hata kama alichelewa na hapakuwa na shahidi. Alibaki mmoja wa kusema.

Nilimkuta Shaibu nje ya ukumbi, anaweka begi la filimbi kwenye gari alilokodi. "Dada!" akasema, akafungua mikono. Sikuingia kwenye ile mikono.

"Nani aliandika habari zako?"

"Kamati, dada. Mimi niliwapa maelezo ya jumla tu."

"Kamati ilikuwa nyuma ya mlango siku ile?"

Akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri. "Madamu mwenyewe ndivyo alivyokuwa anasimulia. Ningembishia vipi? Halafu dada, nilikuwa na miaka kumi na moja."

"Na mimi nilikuwa na kumi na saba."

Nadhani hakuwahi kupiga hesabu hiyo. Kwake nilikuwa mtu mzima tangu alipozaliwa. Alifungua mdomo na kuufunga, vile vile kama nyuma ya mlango, na nikaona kwamba nikimwachia nafasi atanyamaza tena na kuita ukimya huo heshima.

"Madamu alijua," nikamwambia. "Aliniambia mwenyewe. Alijua wewe ndiye uliyebangua, alijua nimedanganya, akakuchukua. Kwa hiyo huna unayemlinda."

"Unataka nikuombe radhi?"

"Radhi kaa nayo. Nataka urudi ndani ukaseme. Nani alikuwa mgonjwa, nani alishika kigongo, nani alinyamaza."

"Dada, watu wanaondoka."

"Basi wahi."

Alisimama akizungusha funguo kidoleni. Nikafikiri ataingia kwenye gari, na nilishaamua kwamba akiingia sitamwita ndugu tena, na sitalia. Akarudi ndani. Kipaza sauti kilikuwa kimeshazimwa, vijana wanakunja nyaya, akina mama wanakusanya sahani za pilau. Walikuwa wamebaki wanafunzi wenzake kadhaa wakipiga picha, na Bi Esha kwenye kiti chake akingoja nimchukue. Shaibu akaomba wamsikilize. Akaanza kwa lugha ya jukwaani, kwamba maisha yalikuwa na changamoto na kulikuwa na kutoelewana. Nikamwambia kutoka mlangoni, "Sema kama ilivyokuwa."

Akaanza upya. "Hakuna aliyenilazimisha korosho. Nilibangua mwenyewe, dada yangu alikuwa na homa. Nikaunguza midomo ya Madamu. Dada akasema ni yeye, ili nisifukuzwe. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikamwacha aseme."

Mwanamke mmoja alisimama na sahani mkononi. Wale wa picha wakashusha simu. Bi Esha akaweka mkono sikioni: "Sijasikia. Dada yako yupi?"

"Somoe," akasema Shaibu.

"Kwa nguvu! Si una pumzi wewe?"

"Somoe!" Sauti ikafika darini. "Dada yangu Somoe. Ndiye aliyenilea."

Alinitazama, akingoja nimwambie yameisha. Sikumwambia. Nilimsaidia Bi Esha kuinuka kwenye kiti, tukatoka.